Kiti cha Kwanza Kati ya Kumi na Viwili

Jua la saa saba limenikalia kisogoni tangu Puma, na mbele hakuna mti wala kibanda, barabara tu imenyooka hadi inapoyeyuka, basi naingia ndani ya kalavati, lile bomba kubwa la zege wanalopitishia maji ya mvua chini ya barabara, nakaa, naegemeza mgongo, na zege lina ubaridi wa mtungi. Nasema nitafumba macho kidogo. Miguu yangu haijui kupumzika, hata nikilala inarukaruka kama ya mbwa anayeota, na sasa inaniambia twende, na mimi naiambia ngoja, na katika kubishana huko nasikia maji yanapita, ingawa ni kiangazi, na mwisho wa pili wa bomba kuna weupe ambao si wa jua. Natambaa kuufuata. Bomba linakuwa refu kuliko upana wa barabara yoyote niliyowahi kuivuka, natambaa, kisha nainama, kisha natembea, na ninapotoka nimeshasimama wima na ardhi yote ni nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, ila pamba hii inauma vidole. Najua inaitwa theluji. Nilimpikia Mmarekani mmoja wa misheni, Mwalimu Halvorsen, miaka minne, naye alikuwa na tabia ya kula huku anasoma kwa sauti kitabu cha jinsi watu wa kwao walivyojitungia serikali, na mimi nikiosha sahani nikipata kipande leo na kipande kesho, kama nilivyoipata shule yangu yote, darasa la tatu huku, kisomo cha watu wazima kule, hakuna kilichofika mwisho. Barabara zinatoka pale niliposimama kama vidole, zinazunguka, zinarudi, kila moja ina kibao na kila kibao kimeandikwa Haldani. Nafuata moja, inanirudisha. Nafuata nyingine, inanirudisha. Mara ya tatu namkuta mtu njia panda, koti refu jeusi, na mahali pa uso ni laini kama yai lililomenywa. Sishtuki, ndotoni mtu hashtuki panapostahili. Habari za hapa, nasema. Anajibu bila mdomo, kitendawili. Nasema tega. Baba kamfunga mwana kwa kamba, mwana kaikata kamba, kaiokota, kajengea nyumba. Nafikiri, nashindwa. Anasema nipe mji. Nampa Haldani, maana ndio mji pekee ninaouona. Anacheka kwa mabega, anasema, huo haupokeleki, huo uko mara mbili, na anatangulia, na mimi nafuata, maana miguu imeshaanza kabla yangu.

Haldani ni nyumba za mbao zilizobanana, moshi, jumba moja kubwa katikati lisilopakwa rangi, na kwenye mlango wa kibanda cha mwisho mwanamke mweusi, mweusi kama mimi, ameshika ufagio kama mkuki, na mbele yake askari wa mji mwenye fimbo ndefu anasoma karatasi kwa sauti ya mnadani. Anasoma kwamba Zipora, mwanamke huru, pamoja na mume wake aitwaye Kwako, wameingia katika mji huu bila mwenyeji wa kuwadhamini, na wanaonywa waondoke kabla jua halijatua. Kiongozi wangu ananinong'oneza kwamba ni desturi waliyoibeba kutoka ng'ambo, mgeni akitimiza mwaka anakuwa mtu wa mji, na mtu wa mji akiugua au akizeeka mji unamlisha, kwa hiyo kila mwaka kabla haujatimia lazima aonywe tena, hesabu ianze upya. Naelewa upesi. Kwetu udhamini huo huitwa barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mimi maisha yangu yote sijawahi kuwa nayo. Ikabodi, anasema yule mwanamke, umesoma vizuri, sasa nenda kwenu. Askari anasema sijamaliza, kuna mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho naujua, anasema mwanamke, tangu hujajua kusoma, mimi ndiye niliyekuwa nikikufulia nepi. Askari anaona haya, anautafuta mstari wake, haupati, ananiona mimi. Na wewe mzee, viatu vyako vinacheka, unatoka wapi? Nasema natoka kalavati. Anaandika. Anaandika kweli, Kalavati, kana kwamba ni wilaya, anakunja karatasi na kuondoka akikanyaga kwa nguvu. Zipora ananivuta ndani. Kitandani kuna mwanamume aliyefunikwa kila nguo iliyomo nyumbani, hata kitambaa cha meza, na pumzi yake inakwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi. Baba, Zipora ananiambia, mume wangu huyu nikimtoa nje kwenye baridi hii hafiki mtoni. Hafiki hata kisimani. Leo wamekaa jumbani wanapiga kura, kofia inazungushwa, anayetaka tubaki anatia punje ya mahindi, anayetaka tuondoke anatia haragwe. Mimi siruhusiwi kuingia. Nimewafulia wote, nayajua mashati yao kuliko wake zao wanavyoyajua, na najua nani leo ana haragwe mfukoni. Nasema pole mama. Anasema pole haivuki mto. Kisha anasema kuna neno. Bwana aliyekuwa akinimiliki alikuwa akilisema kila watu wa mfalme walipokuja kumsumbua, alilipigia kelele hadi sahani zinatikisika, kwamba mtu huru hafungwi, hanyang'anywi, hafukuzwi, ila kwa hukumu ya watu walio sawa naye. Alilisema kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikalisikia kwa ajili yangu. Wakuu wa mji wanasema hawalioni katika karatasi yao. Kawaulize liko wapi, wewe mwanamume, tena mzee, angalau watakufungulia mlango. Nasema mama, mimi ni mpita njia tu. Basi pita njia, anasema, nani kakuzuia, ila pita haraka.

Jumbani wameketi kwenye mabenchi arobaini, nimeyahesabu, na kofia iko benchi la nne, na kila mkono unapoingia nasikia tik, na kila tik inaniingia mbavuni. Mwenyekiti wao ni Obadia Krane, mtu mrefu mwenye mafua, pua nyekundu, anapiga chafya na kuomba radhi kwa kila chafya. Namwomba anionyeshe karatasi ya mji. Hakasiriki. Anapenda kuulizwa. Anafungua sanduku ndani ya sanduku, anatoa ngozi iliyokunjwa yenye muhuri wa nta mpana kama kisahani cha chai, ukining'inia kwa kamba, na ananisomea kwa kidole kwamba mfalme anawapa watu wa Haldani ardhi hii, na kwamba wao na watoto wao watakuwa na uhuru wote wa Waingereza, kana kwamba wamezaliwa kule kule. Nauliza uhuru upi. Anasoma tena. Wote, anasema. Nauliza wote ndio upi. Anapiga chafya. Karatasi inasema tunao, haisemi ni upi, anasema, orodha iko kule kule. Mzee mmoja wa benchi la pili anadakia, tumeishi nao miaka themanini bila kuuona, kama roho mtakatifu, na wenzake wanacheka, na kofia inafika benchi la tano. Nasema kuna neno ambalo mama yule amelisikia. Obadia anasema mimi pia nimelisikia, kila mtu amelisikia, lakini hapa hatuendi kwa kusikia. Niletee lilipoandikwa, na nitasimamisha kura hii hata kama haragwe langu mwenyewe limo. Umetia haragwe, nasema. Nimetia haragwe, anasema, mji ni maskini, lakini kanuni ni kanuni. Una muda wa mabenchi thelathini na tano.

Nje kiongozi ananiuliza, mbele au nyuma. Miguu yangu haijawahi kuchagua nyuma. Nasema mbele, na barabara inajikunja, theluji inageuka mvuke, na tumeingia katika jumba la matofali ambamo joto linanata, madirisha yamepigiliwa misumari, nzi wanagonga vioo, na wanaume waliovaa makoti ya sufu wamekaa wanatokwa jasho kama nguruwe wa sikukuu. Wanaandika. Nachungulia, mstari wa juu kabisa unasema Sisi Watu, kwa herufi kubwa za mapambo, nami nakumbuka kitabu cha Halvorsen, ndio hawa waliojitungia serikali. Mbona madirisha mmeyafunga, nauliza. Watu wasisikie, anajibu mmoja, anajipepea kwa kofia. Nawaambia natafuta neno la mtu huru kutofukuzwa. Wanatazamana. Wanapekua kurasa. Nani aliandika lile? Si wewe? Mimi nilidhani wewe. Mmoja anasema kwa upole kama mtu aliyesahau chumvi, tumelisahau, lakini watu wakipiga kelele tutaliongeza mwishoni. Nasema linahitajika sasa, kuna mgonjwa. Anachovya kalamu, anauliza, huyo mwanamke ni huru au ni wa wale wengine? Wengine gani? Wale wengine, anasema, ambao kila watano tunawahesabu kuwa watu watatu. Natazama kama wenzake watacheka, maana naona ni mzaha. Hawacheki. Mmoja anatazama kucha zake. Nasema ni huru, anayo karatasi. Basi neno ni lake, anasema, litakapoandikwa, wewe lifuate huko sisi tulikolitoa. Wapi? Wote wanaonyesha kwa kalamu zao upande mmoja, nyuma yangu, na wino unadondoka, na nageuka, na barabara niliyojia haipo, ipo nyingine.

Hii inashuka majini. Maji yametulia kama kioo cha kinyozi, na ng'ambo yake kuna mji, nyumba zilizobanana, moshi, jumba katikati, kibao kimeandikwa Haldani, ila nyumba ni za mawe, na kila kitu kimegeuzwa, kulia kuko kushoto. Nimesema uko mara mbili, anasema kiongozi, huu ndio baba, ule ndio mwana, na kamba ni neno unalolitafuta. Tunapita juu ya maji, hayalowanishi. Mlangoni mwa jumba lile yuko Obadia Krane, pua nyekundu, lakini anajifuta mafua kwa mkono wa kushoto. Ananiuliza nimetoka wapi, nina barua? Nasema natoka kwako mwenyewe, Haldani. Anasema hakuna Haldani nyingine, wale waliovuka bahari ni ndugu zetu wakaidi, walichukua jina letu na mbegu zetu na desturi zetu za kufukuza wageni, na wanatuandikia kila mwaka kutulalamikia kwamba hatuwatendei kama ndugu. Na neno? Neno tunalo, anasema, sisi nasi tulilidai kwa wafalme wetu, mmoja tulimkata kichwa, mwingine tukamfukuza, lakini hatukulitunga sisi, tulilikuta. Mlilikuta wapi? Kwa wa kale. Kila mtu ninayemuuliza ana wa kale. Nasikia kutoka ng'ambo ya maji kofia ikipita, tik, benchi la ishirini na tatu, na nakimbia, mimi wa magoti haya nakimbia, na barabara inapanda, inashuka, inapita kwenye kibao cha Haldani, inapita tena kwenye kibao kile kile, na kiongozi anatembea tu lakini yuko mbele yangu daima. Namfokea, wewe, unanizungusha! Anasema sikuzungushi, ndivyo linavyokaa. Nani? Neno.

Tunatokea kwenye uwanda wa majani mabichi kando ya mto. Kuna mahema yanayokunjwa, kuna mavi ya farasi bado yanafuka. Mfalme ameondoka sasa hivi, nta bado laini, na amebaki karani mmoja ameketi kwenye pipa, anaandika kwa haraka, mikono myeusi kwa wino hadi viwikoni. Hajainua kichwa. Kama umekuja na nakala nyingine ya kuandika, anasema, jitupe mtoni, kila wilaya inataka yake. Nasema nataka mstari mmoja tu, na namweleza habari za Zipora na Kwako na kofia. Anasikiliza huku anaandika. Upo, anasema, ananionyesha katikati ya mistari mingine, baada ya habari za vizuizi vya samaki mtoni, ndiyo, vizuizi vya samaki, usicheke, kila mtu alileta lake. Mtu huru. Nauliza mtu huru ni nani? Karani anacheka kicheko kifupi. Leo ni hawa wenye farasi, anasema. Wakulima wengi waliokanyagwa na farasi hao si huru, hata mimi sijui kama nimo. Basi mbona hamkuandika wenye farasi? Anasimamisha kalamu kwa mara ya kwanza, anapangusa pua, pua ikawa nyeusi. Kwa haraka, anasema. Walikuwa wameshika panga, mfalme anasaga meno, mimi nikaandika neno lililonijia, likawa pana kuliko walivyokusudia. Na kesho atasema alilazimishwa, atalikana. Lakini wino ukishakauka, mzee, neno halina mwenyewe, anayelisikia ndiye mwenye nalo. Namwomba. Anakata kipande cha ngozi kwenye ukingo, ananinakilia mstari, anaupulizia. Nauliza, ninyi je, mlilitoa wapi? Anashika kichwa. Nenda, anasema, nenda, utaulizia hadi kwa Adamu, kofia iko benchi la thelathini na nane.

Sijui nimerudije. Naingia jumbani napumua kama Kwako, na kofia iko mikononi mwa mtu wa mwisho wa benchi la mwisho, ameshika haragwe, vidole vimeshafika ukingoni, nami nanyanyua kile kipande. Obadia anakisoma kimya. Anakisoma kwa sauti. Anapiga chafya, haombi radhi. Imeandikwa, anasema. Ikabodi anasema, mwenyekiti, hiki ni kipande cha ngozi kutoka kwa mtu wa Kalavati. Kimeandikwa, anasema Obadia, na anaipindua kofia, mahindi na maharage yanatapakaa sakafuni, na maharage ni mengi, mengi sana, naona punje tatu tu za njano. Hakuna anayenung'unika kwa ajili ya Zipora, wananung'unika kwa ajili ya kura yao, lakini wanatii, na hapo ndipo ninapowashangaa watu hawa, wanaipenda kanuni kuliko wanavyomchukia mtu. Basi ahukumiwe na walio sawa naye, anasema Obadia, kumi na wawili, kama desturi. Anatazama mabenchi arobaini. Nani hapa aliye sawa naye? Hakuna anayeinua mkono. Wengine wanaona ni tusi kuulizwa. Vinaletwa viti kumi na viwili, vinapangwa ukutani, vitupu. Kanuni ni hii, anasema Obadia, viti vikijaa, walioketi watahukumu, na viti visipojaa hakuna atakayegusa hata ufagio wa Zipora. Lakini visipokaliwa hata kimoja, walio sawa naye wamekataa kuja, na mji utahukumu wenyewe. Na aliyekaa akiinuka kabla wenzake hawajatimia, ni kama hakukaa. Wote wananitazama. Mimi, nasema, mimi ni mtu wa kupita. Ikabodi anatabasamu, anakwenda kuokota maharage. Na mimi nakaa.

Nakaa kwenye kiti cha kwanza. Mabenchi yanaondoka, yanarudi, theluji inayeyuka dirishani, inaanguka upya. Miguu inaniambia twende. Nyonga inawaka. Najua barabara zote ziko nje hapo, nazisikia zikijikunja na kujikunjua, na zamani ningeshafika Mpanda. Zipora anakuja dirishani, ananipa supu kwa kijiko kupitia ufa wa kioo. Kwako amekunywa uji leo, ananiambia, ameomba na chumvi, mtu anayelalamikia chumvi hafi. Nacheka. Baba, anasema, usiinuke. Siinuki. Apa, baba. Naapa. Viti kumi na kimoja vitupu vinanitazama, na Ikabodi amesimama mlangoni na karatasi yake, kila siku, anangoja miguu yangu.

Kisha mikono inanishika kwapani. Mikono ya joto, yenye grisi. Mzee, mzee, amka, utafia humu, na navutwa, mwanga unanipiga usoni, na kabla sijajua nimesimamishwa wima barabarani, nyayo zangu ziko kwenye changarawe, nimesimama. Napiga ukelele ambao sijawahi kuupiga. Kijana wa greda ya kuchongea barabara aliyenishika, Kitila wanamwita, ananiachia kwa hofu, nami najitupa chini, nakaa katikati ya barabara, tako kwenye kifusi, nashika ardhi kwa mikono miwili. Nimeinuliwa, nawaambia, sikuinuka mwenyewe, mmeniinua, kanuni inasemaje kwa aliyeinuliwa? Kitila anasema huyu jua limemwingia, mleteeni maji. Mzee, inuka tupite, greda inangoja. Siinuki. Nauliza hapa ni wapi. Anasema Singida, barabara ya Manyoni. Nauliza ana hakika. Anafungua mdomo, anatazama barabara huku na huku, inavyoyeyuka pande zote mbili, na naona naye hana hakika sana. Mwanamke mwenye bendera nyekundu ya kusimamishia magari anakuja, amejifunga kitenge juu ya koti la njano, anachuchumaa mbele yangu. Naitwa Elisifa, anasema, shikamoo. Nasema marahaba. Mzee wangu, ukiinuka kutakuwa nini? Namweleza. Namweleza yote, kofia, mto, karani, viti, na Kitila anapiga mluzi na wenzake wanacheka, lakini yeye hacheki. Huyo mama ni ndugu yako? Hapana. Na mgonjwa yuko kitandani? Yuko, ameanza kuomba chumvi. Elisifa anatazama greda, anatazama malori matatu yaliyoanza kupanga foleni na kupiga honi. Mimi niliambiwa niondoke Mkalama, anasema, nikiwa na mama yangu mgongoni, na hakuna aliyekaa kwa ajili yetu. Anaichomeka bendera kwenye kifusi, anakusanya kitenge chake, anakaa kando yangu. Elisifa! anafoka Kitila, umechanganyikiwa na wewe? Zima mashine uje, anasema Elisifa, vimebaki viti kumi. Malori yanapiga honi. Kitila anavua kofia, anajikuna kichwa, anatutazama kama anayetazama mto asioujua kina chake. Kukaa tu? anauliza. Kukaa tu, namwambia, ila ukikaa usiinuke.